Pigo la Nane

Nyumbani kwao alipewa jina zuri tu, lakini tangu alipotimiza miaka tisa hakuna aliyelitumia. Waliomzaa, waliomfundisha na waliomkimbiza kwa fimbo, wote walimwita Kelele, na mwenyewe akazoea akawa anaitika. Alianza na masufuria ya mama yake. Kutoka hapo akaenda kwenye gitaa la umeme na bendi ya roki iliyowahamisha majirani wawili. Halafu, watu walipokuwa wamekwisha kata tamaa naye, akaenda kusomea muziki wa kuandikwa, ule wa vayolini na selo na watu waliovaa nguo nyeusi kama wamefiwa. Nyaya, rafiki yake aliyekuwa akipiga gitaa katika ile bendi, alicheka mpaka akakaa chini.

"Umeruka mkojo, umekanyaga mavi," alimwambia.

Wakati wa habari hii Kelele alikuwa na miaka arobaini na sita, mvi kadhaa kidevuni, na mke aliyekwisha ondoka akisema hawezi kuishi nyumba moja na mabati. Asubuhi alifundisha piano watoto wasiotaka kujifunza. Mchana alijifungia katika chumba cha nyuma cha shule ya muziki, chumba ambacho mgeni angedhani ni gereji iliyofilisika. Humo mlikuwa na ngoma za breki za lori zilizoning'inizwa kwa kamba, msumeno wa seremala, springi za kitanda, beseni la maji, mabati matatu ya unene tofauti, na katikati amplifaya ya zamani yenye kitambaa kilichochanika. Vyote hivyo aliviandikia noti, kila kimoja mstari wake, chini ya vayolini na juu ya selo. Hakuwa akifanya mzaha. Aliamini kwamba kitu chochote kilichofanyiwa kazi na mtu kwa miaka mingi kina sauti yake, na kwamba sauti hiyo ina haki ya kuwekwa mbele ya watu isikilizwe.

Kwa miaka kumi na miwili hakuna okestra iliyokubaliana naye. Barua za kumkataa zilikuwa na adabu nyingi, na adabu ikizidi unajua umeshatukanwa. Kisha akaja kiongozi mpya wa okestra ya jiji, mama mwembamba asiyecheka ovyo, ambaye wanamuziki walimwita Mama Kijiti akiwa ameshatoka chumbani. Huyu alisoma kurasa zote tisini za kazi mpya ya Kelele akiwa amesimama wima, akazipanga vizuri, akasema:

"Hii tutaipiga. Lakini hiyo cherehani nataka niisikie kwa masikio yangu."

Kazi yenyewe ilikuwa ya cherehani ya miguu, gitaa la umeme, ngoma za roki na okestra nzima ya nyuzi. Si cherehani yoyote, ni ile ya mama yake. Sauti ya mashine hiyo ndiyo iliyomlea. Alipokuwa mtoto alishinda chini ya meza ya kukatia nguo, amekalia mabaki ya vitambaa vya sare za shule, na juu yake mashine ikikimbia mapigo saba, kisha ikasita. Saba, ikasita. Lile la nane lilimezwa. Kelele alichukua sufuria na mwiko akawa analipiga yeye, pale pale mashine iliponyamaza, na ndivyo alivyojifunza mdundo kabla hajajua kusoma vizuri. Siku zote aliamini kwamba mashine ile ilikuwa na jino bovu mahali fulani ndani ya chuma chake. Alilipenda jino hilo kuliko alivyowapenda watu wengi.

Katika kazi yake kila kitu kilichechemea hivyo hivyo. Gitaa lilichechemea, selo zilichechemea, ngoma zikaja na nguvu zote kisha zikatumbukia kwenye shimo la pigo lisilokuwepo. Nyaya, ambaye sasa alikuwa na kitambi na duka la vifaa vya umeme, alikubali kuja kupiga gitaa kwa ajili ya urafiki, na kila mara walipofika mwisho wa mstari alilalamika.

"Tumeibiwa moja tena. Humu ndani mna mwizi, mimi nawaambia."

Kelele alimpigia simu mama yake kuomba cherehani. Mama aliishi na dada mkubwa wa Kelele katika mji mdogo, safari ya saa sita kwa basi. Kelele alikuwa amejiandaa kubembeleza wiki nzima, kwa sababu mama hakuwahi kumruhusu mtu hata kuifuta vumbi mashine ile. Mama alimsikiliza, akasema:

"Ichukue tu."

"Kweli, mama?"

"Ichukue. Wala usiwe na haraka ya kuirudisha."

Kelele alirukaruka chumbani mwake kama mtoto aliyefaulu mtihani. Hakuuliza swali hata moja. Fundi aliyeshonea mashine moja kwa miaka hamsini anaigawa kama anayegawa gazeti la jana, na mwanawe mwenye masikio ya popo, anayeweza kukwambia kioo cha dirisha kinatetemeka kwa noti gani, hakusikia kitu.

Mashine ilifika kwa pikapu siku kumi kabla ya onyesho. Wabebaji waliivua blanketi. Ilikuwa inang'aa. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mpya, maua yake ya dhahabu yamechorwa upya, mkanda mpya, mafuta kila mahali. Binti wa ngoma, mpigaji wa okestra aliyepangiwa kuikanyaga, alikaa, akaweka miguu, akaanza. Mashine ilikimbia laini kabisa, pigo baada ya pigo, bila kukosa hata moja. Wanamuziki walipiga makofi.

"Jamani, mashine nzima hii!" mmoja alisema.

Kelele alitoka nje akampigia dada yake.

"Dada, mmeifanya nini?"

"Imefika salama? Nilimwita fundi akaisafisha. Nilikaa naye siku nzima, asije akaiba vyuma."

"Nani alikwambia uisafishe?"

"Hivi ulitaka iende mbele ya watu wakubwa na kutu zake? Nilitaka isikutie aibu, mdogo wangu."

"Bora ungeivunja kwa shoka! Ile sauti ndiyo kazi yangu yote. Miaka kumi na miwili nimengoja, halafu wewe unaipaka mafuta. Mmeniharibia, Dada. Mmenimaliza."

Upande wa pili kulikuwa kimya. Dada yake alikuwa mtu wa kujibu neno moja kwa matano, na kimya kile kilikuwa kigeni, lakini Kelele alikuwa na hasira na hasira haina masikio.

"Utakuja lini?" hatimaye dada aliuliza. "Mama hajakuona tangu mwaka juzi."

"Nikimaliza kazi," alisema, akakata.

Siku tatu zilizofuata alijaribu kuiharibu cherehani. Alilegeza mkanda, ukateleza tu. Alitia mchanga kwenye gurudumu, likakwaruza bila kusita. Alifunga uzi, akaweka kipande cha mpira, akapiga jino moja kwa tupa. Mashine ilitoa sauti za kila namna za ugonjwa isipokuwa ule wa kwake. Binti wa ngoma naye alijaribu kusimama kwa makusudi kila ilipofika la nane, akihesabu midomo ikicheza, ikawa sauti ya mtu anayehesabu, basi. Mama Kijiti alikuja Jumatatu, akasikiliza dakika nne.

"Hii siyo uliyoniandikia," alisema. "Hapa nyuzi zinachechemea na mashine inatembea sawa. Inakuwa kama kundi la watu wanamcheka mtu."

"Nipe mpaka Jumamosi."

"Jumamosi asubuhi. Ikishindikana tutapiga kitu cha zamani ambacho wote wanakijua. Sitaki kufanya hivyo, lakini nitafanya."

Alijua atafanya. Na alijua kwamba okestra ikiiondoa kazi yake kwenye programu mara hii, hakuna nyingine itakayofungua hata bahasha yake. Alikuwa na maisha mamoja, na ameyatia yote katika pigo moja lisilosikika.

Jumatano akamwita fundi cherehani aliyekuwa na kibanda nyuma ya shule, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Fundi aliilaza mashine, akapekua chini, akazungusha gurudumu kwa kidole, akaweka sikio. Alichukua saa nzima. Alipoinuka alijifuta mikono kwa kitambaa.

"Mashine hii nzima, bwana."

"Ndiyo, imetengenezwa juzi."

"Sisemi juzi. Haijawahi kuugua. Imepakwa rangi na kubadilishwa mkanda, basi. Vyuma vya ndani ni vya tangu ilipozaliwa, vimelika sawasawa, hakuna jino bovu humu isipokuwa hili lililopigwa tupa juzi."

"Lakini ilikuwa inachechemea! Nimekua nayo!"

Fundi alimtazama juu ya miwani, kisha akainama akagonga kanyagio la chuma, lile bamba pana linalowekwa miguu miwili.

"Njoo uone. Rangi wamepaka, lakini rangi haifichi kila kitu. Upande huu wa kushoto umelika mpaka maua ya chuma yamefutika. Sasa tazama wa kulia. Maua yake bado yapo." Alikishika kidole cha Kelele akakipitisha hapo mara mbili, kama anayemfundisha mtoto kusoma. "Aliyeshonea mashine hii alikuwa na mguu mmoja mzima. Huu mwingine alikuwa anauweka tu, akiubonyeza unamchoma, anauondoa. Mashine haichechemei, bwana. Anayechechemea ni mtu."

Kelele alibaki amechuchumaa mbele ya kanyagio muda mrefu baada ya fundi kuondoka. Alijaribu kumkumbuka mama yake akitembea. Alimkumbuka ameketi. Alimkumbuka mgongo wake, shingo, pini mdomoni, mkono ukizungusha gurudumu. Kutembea kwake hakukukumbuka hata hatua moja. Kesho yake alfajiri alipanda basi.

Mlangoni dada yake hakusema karibu. Alisimama katikati ya mlango na kitambaa cha jikoni mkononi.

"Mbona hukupiga simu?"

"Nataka kumwona mama. Nataka nimwone akitembea."

Dada alitazama chini. "Kaa kwanza, mdogo wangu."

"Nimekaa njia nzima."

"Ni Kelele huyo?" sauti ya mama ilitoka chumbani. "Mwache aingie. Haikuwa siri ya kuzikwa nayo."

Kitanda kilikuwa kimesogezwa dirishani, mahali palipokuwa pa cherehani. Sakafuni alama nne za miguu ya mashine zilikuwa bado zinaonekana kwenye saruji. Mama alikuwa ameegemea mito miwili, amekuwa mdogo kuliko alivyomwacha, na juu yake blanketi la kijani. Upande wa kushoto blanketi lilifuata umbo la mguu mpaka mwisho. Upande wa kulia lilifuata mpaka gotini, kisha likalala juu ya godoro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinikodolee macho hivyo. Nimepunguza uzito tu."

Alitaka kucheka kwa sababu mama alitaka acheke, ikashindikana. Dada ndiye aliyeeleza, akiwa amesimama mlangoni, kwa sentensi fupi fupi. Ni kisukari. Kidonda kidogo kwenye ule mguu mbovu, hakikupona, kikapanda. Madaktari walisema ama mguu ama yeye. Miezi miwili na nusu sasa.

"Miezi miwili na nusu! Na mimi napiga simu kila Jumapili, mnaniambia wazima!"

"Mama alikataza," dada alisema. "Alisema usiambiwe mpaka umalize kazi yako. Nilimwapia."

"Ungekuja ukakaa hapa ukinitazama," mama alisema, "na hiyo bahati yako wangepewa wengine. Mguu ulikuwa unakwenda tu, uje usije."

Ndipo alipoelewa mashine ilivyogawiwa kirahisi, na rangi mpya, na kimya cha dada yake kwenye simu. Aliona aibu. Hata hivyo, na hili ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe, swali lililomtoka lilikuwa la kazi.

"Mama, huo mguu ulianza kukuuma lini?"

"Huu? Ulikuwa darasa la tatu. Nilianguka kwenye kiti nikipima mapazia ya watu, mfupa ukajiunga vibaya."

"Na uliendelea kushona."

"Sare zinasubiri? Shule zikifunguliwa zimefunguliwa. Unakanyaga, unakanyaga, unakuchoma, unaupumzisha kidogo, unaendelea. Mwili unazoea." Akaguna. "Baba yenu alikuwa ameshakwenda zake, dada yako alikuwa na mitihani, wewe una masufuria yako. Ningemwambia nani?"

Kelele aliketi sakafuni, kati ya zile alama nne. Mapigo saba. Darasa la tatu mpaka alipoondoka nyumbani, na baada ya hapo miaka ishirini na zaidi ambayo hakuwepo hata kusikia.

"Sasa huo muziki wenyewe uko wapi?" mama aliuliza, akijaribu kuchangamka. "Dada yako ananiambia umeniandikia wimbo wa cherehani yangu. Hebu nisikilize."

Hakutaka. Lakini mzazi ameomba, na ndani yake, chini ya aibu yote, kulikuwa na mtoto mwenye mwiko na sufuria aliyetaka mama yake asikie. Alitoa simu, akatafuta sauti za mazoezi ya wiki iliyopita, gitaa na nyuzi bila mashine, akaiweka juu ya blanketi.

Mama alitabasamu mwanzoni. "Nyaya huyo. Bado anapiga kama anayegombana na mtu." Kisha nyuzi zikaingia. Saba, zikasita. Selo chini, saba, zikasita. Tabasamu likabaki midomoni muda kidogo baada ya macho kuacha kutabasamu. Mkono wake wa kulia ulitoka, ukashuka juu ya blanketi, ukaenda ukashika pale palipokuwa na mguu, ambapo sasa hapakuwa na kitu.

"Zima."

Kelele hakuamini amesikia vizuri.

"Zima, mwanangu."

Akazima. Nje mtu alikuwa anaburuta meza.

"Ulikuwa unasikia," mama alisema.

"Nilikuwa nasikia."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote. Nilidhani ni mashine, mama. Nilidhani ina jino bovu."

Mama alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepata jibu la hesabu ya zamani. "Mimi nilidhani hakuna anayesikia. Nilikuwa nabana meno ili msisikie." Akalinyoosha blanketi kwa kiganja. "Kumbe wewe ulikuwa unapigia sufuria."

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira Kelele angepata pa kujificha. Dada yake aligeuka akaenda jikoni, wakamsikia akifungua maji na kuyaacha yamwagike.

Alipoaga mchana ule, mama alimshika mkono.

"Usiwaambie watu ni mguu wangu."

"Sitawaambia."

"Na huo muziki mimi nisiusikie tena."

Ingependeza kusema kwamba ndani ya basi alimpigia Mama Kijiti akaiondoa kazi yake. Alichukua simu mara tatu. Mara ya kwanza mtandao haukuwepo. Mara ya pili ulikuwepo. Mara ya tatu alikuwa ameshaanza kufikiri jambo jingine, na jambo hilo lilimjia lenyewe, bila kubisha hodi, kwa sababu miaka thelathini alikuwa ameufundisha ubongo wake kutafuta sauti na kitu kingine hakuufundisha. Sasa alijua ile sauti inatoka wapi. Na mtu akijua sauti inatoka wapi anaweza kuitengeneza.

Jumamosi asubuhi, nje ya ukumbi wa okestra, kulikuwa na rundo la kokoto za ujenzi. Kelele aliinama akachagua. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya pili laini mno. Ya tatu ilikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi na pembe moja kali. Aliingia nayo akampa binti wa ngoma.

"Weka kwenye kiatu cha kulia, chini ya unyayo, hapa mbele."

Binti alicheka, kisha akaona Kelele hacheki.

"Halafu usihesabu kabisa. Kanyaga mpaka ukishindwa. Upumzishe, uendelee. Usioneshe usoni."

Mwanzoni ilikuja tano, ikaja tisa. Binti aliuma mdomo. Kisha mguu wenyewe ukapata njia yake, kama ule mwingine ulivyopata, na mashine ikakimbia saba, ikasita. Saba, ikasita. Ilikuwa ile ile. Nyaya aliinua kichwa kwenye gitaa lake.

"Hiyo hapo!" alisema. "Hiyo ndiyo ya kwenu, naikumbuka!"

Mama Kijiti alishusha kijiti chake. "Nzuri. Kesho saa tisa, nguo nyeusi." Kwa Mama Kijiti hiyo ilikuwa hotuba.

"Inauma, Mwalimu," binti alisema alipopita karibu naye.

"Najua," alijibu. Hakuwa anajua. Hakuna siku aliyowahi kujua.

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa. Kwenye kijitabu cha programu kulikuwa na mstari ambao Kelele aliupeleka kwa wachapaji mwezi mzima kabla: Kwa mama, aliyenifundisha mdundo. Kelele aliketi safu ya nne, mikono magotini. Kwa dakika ishirini na sita alisikiliza kazi iliyotoka kama alivyoisikia kichwani tangu utoto, bila kosa hata moja. Gitaa lilinguruma, ngoma zikaanguka shimoni pamoja, nyuzi arobaini zikachechemea nyuma ya mashine, na mashine haikucheza kabisa, ilifanya kazi. Kila ilipofika la nane aliona mkono ukishuka juu ya blanketi la kijani. Hesabu ilimshinda kuiacha. Mahali fulani katikati alitamani mtu asimame apige kelele kwamba huyu binti anaumia, jamani, hamuoni? Watu walikuwa wameinamisha vichwa, wengine wamefumba macho kwa raha.

Walisimama wote. Walipiga makofi mpaka Mama Kijiti akamwita jukwaani, akaenda, akainama, akarudi. Mtu asiyemfahamu alimshika mkono kwa mikono yake miwili akisema hajawahi kusikia kitu chenye ukweli kama kile. Kwenye ngazi za kutokea, mtoto wa kike wa miaka sita hivi alikuwa anashuka akiruka, akiupiga ule mdundo kwa viatu vyake. Saba, akasita, akacheka.

Binti wa ngoma alimkuta nyuma ya jukwaa. Alikuwa amevua kiatu, na soksi yake ilikuwa na doa jekundu lisilofika hata ukubwa wa kifungo. Alimpa kokoto ikiwa imefungwa katika karatasi.

"Utaihitaji, Mwalimu. Kiongozi anasema miji mingine miwili imeshaiomba."

Alikuwa bado ameishika kokoto simu ilipolia. Ilikuwa dada yake.

"Mama anauliza kama ilitoka sawa."

"Mwambie ilitoka sawa."

Alimsikia dada akigeuka, akisema, na sauti ya mama kwa mbali isiyoshikika maneno.

"Anauliza watu walipiga makofi."

"Walisimama."

Tena sauti ya mbali.

"Anasema pole na kazi."

Jibu la salamu hiyo ni neno moja tu, na hata mtoto anayejifunza kusema analiweza. Kelele alifungua mdomo. Nyuma yake vijana wa ukumbi walikuwa wanaisukuma cherehani kwenye magurudumu yake madogo kuipeleka stoo, wakipiga mluzi.

"Upo?" dada yake aliuliza. "Kelele? Kelele, upo?"